Kidole Kina Bei, Akili Haina

Wacha nianze na watu wawili waliokuwa wanafanya kazi jengo moja hapa Nairobi. Jina la kampuni nitaliacha.

Wa kwanza ni mzee wa usafi. Siku moja upepo ulisukuma mlango wa chuma ukamnasa kidole, kikakatika kwa kifundo. HR walishuka mbio. Fomu ikaletwa, mzee akapelekwa hospitali, daktari akaandika asilimia yake, na baada ya kuzungushwa miezi kadhaa akalipwa. Si pesa nyingi, lakini alilipwa.

Wa pili ni jirani yangu huku Mountain View. Nitamwita Shiro, ingawa si jina lake. Yeye alikuwa orofa ya tatu ya jengo hilohilo, zamu ya usiku, akiangalia video ambazo watu wameripoti mtandaoni. Watu wakichinjwa. Watoto wakiumizwa. Mtu akijitoa uhai huku wengine wanatazama. Kazi yake ilikuwa kuamua gani itolewe na gani ibaki, ndio mimi na wewe tuskroli bila kukutana nazo. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa halali. Krismasi iliyopita mathee wa ploti alichinja kuku pale nje, na Shiro akajifungia chooni hadi jioni.

Aliomba fomu kama ile ya mzee. Akapewa, hawakumnyima. Lakini kuna swali moja lilimshinda: ajali ilitokea tarehe gani, saa ngapi? Alikuja nayo kwangu usiku, akaiweka juu ya meza, akaniuliza, "Sasa hapa nijaze video gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi si wakili, na kampasi niliiacha kabla ya mwaka wa tatu. Lakini nilianza kufuatilia hiyo fomu imetoka wapi, na nikajipata nimerudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Hii ndiyo stori niliyopata.

SHERIA INAYOHESABU VIDOLE

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ile wasee wote wa kazi wanaijua kama WIBA. Bunge liliipitisha 2007. Mawakili wakaipinga kortini, kesi ikazunguka miaka, hadi Mahakama ya Juu ikamaliza maneno Desemba 2019 kwa kuamua kwamba sheria iko sawa.

Na kusema ukweli, kwa namna fulani ni sheria poa. Ukiumia kazini huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Umeumia ukiwa kazini? Basi, unastahili kulipwa. Mwajiri analazimika kukukatia bima. Badala yake, wewe unaachilia ile njia ya kumshtaki moja kwa moja kortini, unapitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Sasa fungua kurasa za nyuma, kwa majedwali. La kwanza ni mwili wako umekatwakatwa kwa maandishi. Mikono yote miwili, asilimia 100. Macho yote mawili, 100. Halafu linashuka: mkono, mguu, kidole gumba, kidole cha mwisho, hadi kifundo kimoja kimoja. Ulemavu wa kudumu unapigiwa hesabu kwa mshahara wa miezi 96, kulingana na asilimia yako. Ndiyo hesabu aliyopigiwa yule mzee.

Jedwali la pili ni magonjwa ya kazini. Pale ni vumbi, kemikali, sumu za viwandani. Msongo wa baada ya kiwewe, ule tunaita PTSD, huoni ukitajwa kwa jina. Sonona pia huioni. Ukigongwa kichwa na nondo kwa mjengo, sheria inakuona. Kichwa kikiumia bila kuguswa na kitu, unaachwa ukitafuta laini ya kujazia.

Swali langu likawa, nani aliamua hivi?

MAGONJWA SITA YA MWAKA 1906

Wazo la mwajiri kulipa bila kutafuta nani mwenye makosa lilianzia Ujerumani. Bismarck alilifanya kuwa sheria 1884. Uingereza ikafuata 1897, na hapo mwanzo sheria yao ilikuwa ya ajali pekee: mashine imekukata, jengo limekuangukia. Kama kazi ilikuua polepole kupitia mapafu ama damu, hiyo ilikuwa shida yako.

Lakini mwaka 1906 Waingereza waliongeza magonjwa sita kwenye sheria, kati yao sumu ya madini ya risasi, sumu ya zebaki na kimeta. Sita tu. Shika hiyo namba, kwa sababu inamaanisha orodha ya magonjwa haikushuka kutoka mbinguni. Kuna wakati sumu ya risasi haikuhesabika kuwa jeraha la kazi, na watu walikuwa wanakufa nayo. Halafu siku moja ikahesabika. Kilichobadilika ni orodha, ugonjwa ulikuwa uleule.

Huku kwetu, wakati huohuo, reli ilikuwa inajengwa. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli, kwa hivyo huu mji umezaliwa kazini. Kutoka India waliletwa wafanyakazi karibu 32,000. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa hawajiwezi. Tunajua hizo namba kwa sababu mkoloni alikuwa anaweka rekodi ya miili. Sasa fikiria Tsavo 1898: mtu amelala kwa hema, simba anaingia anamvuta msee aliyelala kando yake, na asubuhi kazi inaendelea. Huyo aliyebaki hakuhesabiwa popote. Hakufa, na viungo vyake vyote vilikuwepo.

KARIAKOR

Ukishuka Kariakor kununua viatu, kumbuka jina lenyewe ni Carrier Corps limepita kwa midomo ya Waswahili. Kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya Waafrika wabebe mizigo na risasi kupigana na Wajerumani kule Tanganyika. Rekodi za serikali zinakubali zaidi ya 40,000 walikufa. Kuna wanahistoria wanaosema idadi inakaribia 100,000. Wengi hawakupigwa risasi, waliuawa na njaa, kuhara na malaria. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikufikia familia zao. Walichopata ni sanamu ya shaba pale Kenyatta Avenue, ile ya watu watatu ambayo tunaipita kila siku bila kuangalia.

Vita hivyohivyo ndivyo vilifanya Uingereza ikubali, shingo upande, kwamba mwanajeshi anaweza kurudi na mikono yote miwili na bado awe ameumia. Walikuwa wanatetemeka, wanapiga mayowe usiku, wengine wamepoteza sauti. Baada ya vita, maelfu kwa maelfu ya wanajeshi wa Uingereza walilipwa pensheni kwa sababu ya mishipa ya fahamu iliyovurugika. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba fidia ya akili ni mambo ya Gen Z waliolegea. Imelipwa miaka mia moja iliyopita. Ilitegemea tu wewe ni nani.

DAKTARI WA MATHARI

Hapa ndipo mimi nilisimama nikarudia kusoma mara mbili.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilikuwa chini ya daktari mmoja Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Ndani yake alidai kwamba Mwafrika ni nadra kupata sonona, na alilinganisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Hii si porojo ya WhatsApp, ni kitabu cha shirika la dunia.

Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ilichapisha kazi yake nyingine, safari hii kuhusu Mau Mau. Watu walikuwa wanapigania mashamba yao, na yeye akayaeleza kwa sehemu kubwa kama matatizo ya kisaikolojia. Unaona huo mchezo? Mwafrika akiumia, hana akili ya kuumia. Mwafrika akigoma, shida ni akili yake.

Sheria ya kwanza ya fidia ya wafanyakazi Kenya ililetwa mwishoni mwa miaka ya 1940, miaka ileile huyu jamaa akiwa ndiye sauti kubwa ya magonjwa ya akili nchini. Sisemi yeye ndiye aliiandika. Nasema ilizaliwa kwenye hewa hiyo, ikihesabu mikono na miguu ya watu wa kubeba, kulima na kuchimba. Sheria hiyo ndiyo tulitumia baada ya uhuru, miaka nenda miaka rudi, hadi WIBA.

SAA NNE NA NUSU ASUBUHI, IJUMAA

Mwaka 1980 madaktari wa akili Marekani, baada ya kelele nyingi za wanajeshi waliotoka Vietnam, waliandika PTSD kwenye kitabu chao rasmi cha magonjwa. Sasa kilikuwa na jina. Kenya ilikutana na hilo jina kwa njia mbaya sana.

Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa, saa nne na nusu hivi asubuhi. Bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inakutana na Haile Selassie, na watu 213 wakafa hapa Nairobi. Maelfu wakaumia, wengi kwa vioo vilivyoruka. Sikuwa nimezaliwa. Lakini angalia siku na saa: ni katikati ya saa za kazi. Makarani, mabenka, matopo wa matatu, wasee wa ofisi za Co-operative House na Ufundi House. Hawa walikuwa kazini.

Daktari Frank Njenga na wenzake walipanga ushauri nasaha kwa waathiriwa, na baadaye wakachapisha utafiti wao. Kati ya watu karibu 2,900 waliojibu maswali ndani ya miezi michache baada ya bomu, zaidi ya thuluthi moja walikuwa na dalili zinazokaribiana na PTSD. Hapo Carothers alikuwa amejibiwa, na Wakenya wenyewe, kwa data ya Wakenya.

Kwa hivyo mwaka 2007, Bunge likikaa kuandika WIBA, hakuna mtu angesema hatukujua. Ushahidi ulikuwa umetoka mwendo wa dakika chache kutoka Bungeni. Miaka tisa baada ya bomu, jedwali la magonjwa likatoka, na akili haikuwemo.

Miaka mitatu baadaye, 2010, Shirika la Kazi Duniani lilirekebisha orodha yake ya magonjwa ya kazini na kwa mara ya kwanza likaingiza matatizo ya akili. PTSD imetajwa kwa jina. Mwaka huohuo sisi tukapata Katiba mpya, na Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Jedwali letu likabaki palepale.

WASEE WA VIDEO

Halafu ikaja kazi ya kina Shiro.

Mwaka 2019 kijana wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, alikuja Nairobi kufanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook chini ya kampuni ya Sama. Alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai hali bora, akafutwa. Mei 2022 alienda kortini Nairobi kushtaki Sama na Meta, wenye Facebook. Machi 2023 wenzake waliofutwa wakafuata na kesi yao, na mwishowe walikuwa zaidi ya 180. Siku ya Leba mwaka huo zaidi ya 150 walikutana hoteli moja ya Westlands na kukubaliana kuunda chama chao.

Meta walisema hawawezi kushtakiwa hapa, wao si wa hapa. Mahakama ya Leba ikakataa hiyo hoja. Juni 2023 Jaji Byram Ongaya akaagiza, pamoja na mambo mengine, wafanyakazi hao wapewe matibabu ya akili na ushauri nasaha. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa nayo ikasema kesi ziendelee.

Desemba 2024 ripoti ya Daktari Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili pale Hospitali Kuu ya Kenyatta, ikajulikana kupitia kesi hiyo. Wafanyakazi 144 walikuwa wamejitolea kupimwa. Asilimia 81 ya hao walikuwa na PTSD ya kiwango kikali.

Soma hiyo tena. Kama watu 144 wa kiwanda kimoja wangepimwa na wanane kati ya kila kumi wapatikane na sumu ya risasi kwa damu, hiyo kampuni ingefungwa siku hiyohiyo. Na wote wangejua fomu inajazwaje.

Kule Marekani, Facebook ilikuwa tayari imekubali mwaka 2020 kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya watu waliofanya kazi hiyohiyo. Kila mmoja alipata angalau dola 1,000, na waliopatikana na ugonjwa walistahili zaidi. Video ni zilezile. Kichwa cha binadamu ni kilekile.

"LAKINI WATU WATADANGANYA"

Najua comments zitakuja, kwa hivyo wacha nijibu mbili mapema.

Ya kwanza, ati mtu yeyote atasema ana stress ndio alipwe. Boss kukufokea Jumatatu si PTSD. Huu ni ugonjwa unaopimwa na daktari, una vigezo vyake, kama vile mgongo unavyopimwa. Na mgongo nao watu hudanganya kila siku, lakini hakuna mtu amesema mgongo utolewe kwa sheria.

Ya pili ni nzito zaidi: kampuni zitahama, na vijana tutakosa kazi. Desemba 2024 Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba sheria inabadilishwa ili kampuni za aina hii zisivutwe kortini tena. Mimi pia natafuta kazi, na ploti yetu nzima inatafuta. Lakini hoja hii si mpya. Ni ya kila mtu aliyewahi kusema sumu ya risasi isihesabiwe. Na kama kazi inaweza kubaki Kenya kwa sharti moja tu, kwamba walioumia wasilipwe, basi wanaoilipia ni kina Shiro kwa usingizi wao. Sisi wengine tunaita hiyo ajira.

Ninachotaka ni kidogo. Orodha ya Waingereza ilianza na magonjwa sita, ikaongezwa, kwa sababu jedwali si Katiba. Linabadilishwa. Tuandike PTSD kwa jina kwenye jedwali la WIBA, na fomu iwe na mahali pa jeraha lisilo na saa. Hilo halihitaji kesi ya miaka na miaka ya watu 180 dhidi ya moja ya kampuni tajiri zaidi duniani. Linahitaji mtu wa Wizara ya Leba aketi na kalamu, na sisi tumsumbue hadi aketi.

Na kama wewe uko kwa hizo kazi sai: muone daktari mapema, na hakikisha ripoti ina tarehe. Weka ratiba za zamu zako. Weka barua pepe ulizoomba msaada, nakala ziwe kwa simu yako, si kwa kompyuta ya kazi. Na usikae na madai, yana muda wake kisheria.

Shiro tulijaza fomu yake pamoja usiku ule. Pale kwa tarehe ya ajali aliandika siku yake ya kwanza kazini, akaweka mstari, akaandika siku ya mwisho. Kwa saa akaandika: saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ameipeleka. Hadi leo hajajibiwa, na mimi kila asubuhi namuuliza kama amelala.